Mume Wangu Kaoa Tiara

Jumatatu, 4 Agosti

Umefika! Ulipotelea wapi, ee? Usinijibu. Keti kwanza. Si hapo, hapo kuna pini.

Kama unasoma hapa, basi umeingia ndani ukakuta daftari juu ya cherehani, na mimi sipo, au nimelala. Vyote viwili kosa lako. Mjukuu gani wewe? Mume gani? Nimekuita mume wangu tangu unalowesha shuka, nikakutangaza mtaa mzima, kumbe nimeolewa na mtoro.

Naandika kwa sababu nikikuona nitasahau kukukasirikia. Najijua. Utaniita mke wangu, utacheka na hilo pengo lako, nitaweka chai jikoni, na hasira yote niliyoitunza itapotea bure. Basi naiweka hapa, ikae. Ukija uikute ya moto.

Mwandiko ukikusumbua, vumilia. Shule sikwenda. Herufi nilizipata kwa kudarizi majina ya watoto kwenye sare zao, jina baada ya jina, mpaka siku moja nikaona gunia la saruji linasomeka. Hii ingekuwa uzi mwekundu badala ya wino, ungeona ninavyonyoosha.

Sasa sikiliza. Kitakia cha sindano kiko kitupu! Kila Jumapili ulikuwa unakaa kwenye kigoda chako pale mlangoni, unanitungia uzi sindano za wiki nzima, nyeusi, nyeupe, za rangi, unazichomeka zimejipanga kama wanafunzi wa gwaride. Mimi tundu la sindano silioni tena. Ulilijua hilo, ukaenda. Leo nimelamba uzi mpaka ulimi umekauka. Nimechoma kidole. Nimechoma meza. Mteja wa suruali kasubiri, kasubiri, mwisho kaondoka na pindo upande mmoja tu. Anatembea mjini na mguu mmoja mrefu, na watu watauliza fundi wake nani!

Fundi viatu, yule anayegonga misumari hapo kibarazani pangu na kudai anagonga kimyakimya, kaniambia amekuona. Eti uko ziwani kila siku. Umejifunga mkanda kiunoni kama punda wa mkokoteni, mbele yako tiara kubwa kama pazia la ukumbi, miguu juu ya ubao, unaburutwa na upepo huku na huko, na unafurahi. Anasema siku hizi unafundisha na wengine. Nikamwambia muongo. Akaniambia, "Bibi, nenda kaone. Mumeo kaoa tiara."

Akacheka huyo. Hata gundi ikamwagikia goti. Stahili yake!

Nimepata mpango. Wewe huji kwangu, sawa. Unafundisha watu, sawa. Basi na mimi ni watu. Kesho nakuja kujifunza kuteleza juu ya maji. Mwalimu hawezi kumkimbia mwanafunzi wake. Utakaa na mimi utake usitake, na nikishakupata karibu nitakuvuta sikio mpaka nyumbani.

Ugumu uko wapi? Tiara ni nguo. Nimeshika nguo maisha yangu yote.


Jumanne, 5 Agosti

Nimedhulumiwa!

Nimefika asubuhi, nimevaa viatu vya harusi za watu, vimejaa mchanga. Shule yenyewe ni banda la mabati, mbao zimeegemezwa ukutani, nguo za mpira zimeanikwa kama ngozi za watu. Nikapokewa na mwanadada ana filimbi shingoni, mabega mapana kama kabati. Jina sikuuliza. Namwita Filimbi. Nikamwambia nataka kufundishwa, na mwalimu nimeshamchagua, yule pale, mume wangu.

Banda zima likaangua kicheko. Wote wakakugeukia wewe. Mmoja kashika nguzo asianguke. Sijui kilichowachekesha. Wewe badala ya kuja kumwamkia bibi yako ukaingia kwenye boti ya uokoaji, ukawasha injini, ukaenda zako katikati ya ziwa. Huko ukanipungia mkono. Kunipungia! Mimi ni treni?

Filimbi kasema sheria ya shule, ndugu hamfundishi ndugu, maana wanagombana majini na mtu atazama. Nikamuuliza sheria hiyo imetungwa lini. Akasema, "Leo, Bibi."

Ana mdomo huyu.

Lakini siwezi kurudi nyuma mbele ya fundi viatu. Tumekubaliana: mimi nishone tiara zao zilizochanika, wao wanifundishe. Kaniletea rundo. Mshono wa ovyo! Nikasema nitazitengeneza kwa raha zangu.

Somo la kwanza, mchangani. Kanipa tiara ndogo ya kujifunzia. Ina kamba nyembamba ndefu, mwisho wa kamba kuna fimbo ya kushikia. Kanieleza: ukiivuta fimbo kwako, tiara inapata nguvu, inakuvuta. Ukiiachia, inatulia. Basi. Upepo ukaja, ikanivuta kidogo, nami nikaivuta. Ikanivuta zaidi. Nikaivuta zaidi, haiwezi kunizidi nguvu nguo! Filimbi anakimbia nyuma yangu anapuliza na kupiga kelele, "Achia! Bibi, achia!"

Niachie? Fundi gani anaachia kitambaa kikiwa kinakimbia?

Nimepita kwenye mchanga kwa tumbo mpaka kwenye meza ya wauza soda. Soda zimemwagika. Fimbo bado ninayo mkononi. Nimeshinda, kwa maoni yangu.


Jumatano, 6 Agosti

Leo majini. Sina hata pa kukaa, kote kunauma.

Nguo ya mpira nimeikataa. Inaonyesha kila kitu ambacho marehemu babu yako alikwenda nacho kaburini kama siri. Jana jioni nikajishonea sketi yangu ya kuvaa juu yake. Fundi viatu ndiye kanitungia uzi. Kamba nzito ya kushonea soli! Ndiyo hiyo hiyo alikuwa nayo. Sketi imeshonwa kama kiatu, lakini ina heshima, inafika chini, ina marinda ya kutosha.

Filimbi kaitazama, kafumba macho, kasema, "Bibi, hayo marinda..." Nikamwambia akae na filimbi yake, nguo ni kazi yangu.

Nikaingia majini hadi kifuani. Boya la kifuani, kofia ngumu juu ya kilemba, mkanda kiunoni wenye ndoano. Zoezi la leo ni kuburutwa bila ubao, ujue tiara inakupeleka wapi. Tiara ikapaa. Ikanichomoa majini kidogo tu, upepo ukaingia chini ya sketi.

Marinda yote yakafunguka. Nikawa na tiara mbili! Moja juu, moja nyuma. Hii inanipeleka kulia, ile inanipeleka kushoto. Nikazunguka kama pia. Maji yaliingia puani, yakatokea sijui wapi. Nilikuona. Ulikuwa kwenye boti, umeinama, mabega yanatikisika. Nilidhani unalia kwa huruma, moyo ukanilainika. Ukainua uso. Kumbe kucheka!

Umenivuta kwenye boti kwa mkono mmoja, kama furushi la nguo chafu. Nikasema moyoni, hapa hapa, sasa nimempata. Nikakuuliza Jumapili utakuja? Ukatazama injini. Ukasema utaona. Nikakuuliza shati lako la kazi liko wapi, lile nililokurekebishia vizuri mwezi uliopita, mbona umevaa fulana iliyotoboka. Ukasema limechafuka.

Limechafuka mwezi mzima? Mimi si mtoto.

Na kukutana ufukweni si kuja nyumbani. Usije ukanihesabia hiyo.


Alhamisi, 7 Agosti

Siwezi kuandika kwa hasira. Naandika.

Fundi viatu kaja ziwani! Eti kaitwa kutengeneza vishikio vya miguu kwenye mbao, na malipo yake nayo ni somo. Kaniiga. Hana wazo lake mwenyewe mtu yule, hata kibaraza ni changu.

Kavaa nguo ya mpira, kaonekana kama kambare. Kashika fimbo. Filimbi kamwambia achia. Kaachia. Hivi hivi! Bila kupigana! Tiara ikatulia juu ya kichwa chake kama mwavuli. Akaingiza miguu kwenye vishikio, tiara ikashuka kidogo, ikamnyanyua, na yule mzee anayelia magoti kila asubuhi kwangu akasimama juu ya maji na kuteleza mpaka kwenye matete na kurudi. Watu wakapiga makofi. Wewe pia ulipiga. Nilikuona, na nimeandika.

Zamu yangu. Nilisimama. Fundi viatu atakwambia sikusimama, muongo. Nilisimama muda wa kupiga chafya moja ndefu. Maji yakapita chini yangu laini kama hariri chini ya kiganja, nikasema, lo! Nikaivuta fimbo ili isiishe.

Filimbi kasema niliruka juu kuliko mwanafunzi yeyote wa mwaka huu. Ila kutua sikutua, nimeanguka. Matete yamenichana, ubao umeniangukia, na fundi viatu kanisogelea kanipa mkono kasema, "Pole, bibi harusi." Nikamrushia tope.

Filimbi kaniambia mtihani wako ni Jumamosi. Ukifaulu unakuwa mwalimu kamili, na shati jipya unapewa. Sikujua. Mimi, mkeo, nimeambiwa na filimbi.

Basi nimeomba ile tiara yako nyekundu ya mtihani niipitie. Ina mchaniko mdogo pembeni. Nimekuja nayo nyumbani na kamba zake zote. Nakushonea iwe tiara safi kuliko zote ziwani, uone nani anakujali na nani anapigia watu makofi.

Nimeikagua sasa hivi. Aibu tupu! Mchaniko si kitu, nimeubandika ile gundi ya fundi viatu. Lakini miisho ya kamba! Kila mahali zinapoungana na tiara kuna vifundo vya uzi, vinene, vimejitokeza. Fundi gani anaacha fundo limetokeza nje? Mimi kila mwanafunzi wangu aliyeacha fundo nje nilimfanya afumue nguo nzima.

Nimevifungua vyote. Vilikuwa vimekaza, nimetumia meno. Kisha kamba nimezipitisha kwenye vitanzi vyake zimekaa bapa, nyoofu, huoni hata kivimbe. Utafurahi.


Ijumaa, 8 Agosti

Vile vifundo vilikuwa na kazi.

Sitaki kusema mengi. Ulipaisha tiara, ikapanda vizuri kabisa, nikamwambia fundi viatu tazama, tazama mshono. Upepo ukakaza. Kamba zikachomoka vitanzini, moja, nyingine, zote, na wewe ukabaki umeshika fimbo inayoning'iniza kamba kama mtu aliyekwenda kuvua akakosa. Tiara ikaenda. Ilipita juu ya banda, juu ya barabara, ikajitupa kwenye uzio wa seng'enge wa yule muuza mbao. Ikachanika katikati toka juu mpaka chini.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Ulinitazama. Wiki nzima nimetaka unitazame, ukanitazama, na sikutaka tena. Ungenigombeza! Nimekulea mdomo wa nini? Ukaenda kukaa nyuma ya boti peke yako.

Mtihani kesho na tiara ya kipimo chako ni hiyo moja tu.

Mchana Filimbi kaja hapa dukani. Kaileta tiara begani, kaitupa juu ya meza ya kukatia. Kakaa kwenye kigoda chako bila kuuliza. Nikajiandaa kumtoa. Akaanza yeye. Kasema, "Bibi, leo utanisikiliza." Watu hawaniambii hivyo.

Kasema wewe huji kwa sababu ya shati. Ulikuja hapa na shati la kazi, la shule yao, nembo imekaa kifuani vizuri, ukaniomba nikaze kishikizo kimoja. Nikafumua nembo kwa kuwa ilikuwa imepinda, na mahali pake nikadarizi MUME WANGU. Wewe hukutazama, ukalivaa, ukaingia nalo banda zima. Tangu siku hiyo wanafunzi wanakuita Mumewangu. Boti wameiandika Mumewangu. Muuza soda naye anakuita hivyo, na watalii nao wanadhani ndilo jina lako, wanakupigia simu wakiliita.

Nikamuuliza, herufi zilipinda?

Akasema hapana.

Basi kosa liko wapi?

Kashika kichwa. Kasema kila unachoniletea, nakifumua na kukifanya changu. Sasa unaogopa kuniletea hata mwili wako, nitaupunguza kiunoni. Kasema wewe unanipenda, na ndiyo maana unashindwa kuniambia. Nikamwambia hilo angeanza nalo, angeniokolea muda wa kukasirika.

Halafu, sikumwomba, kavuta kitakia, kachukua sindano. Katunga uzi. Mwekundu, mweusi, mweupe. Mara moja tu, tundu halimkosi! Hata halambi. Kakijaza kitakia huku ananigombeza. Anatunga vizuri kuliko wewe. Imeniudhi sana.

Na vile vifundo kavifunga upya mwenyewe, kimoja kimoja. Kanionyesha kila kimoja na kunitaka niseme, "Hiki sikigusi." Nimesema. Kama mtoto wa chekechea.

Mlangoni kageuka kasema, "Bibi, shona mchaniko tu. Usiongeze kitu." Nikamjibu sawa.

Mume wangu, ninashona. Nisikilize wakati ninashona. Tiara yako nitaisimamisha hata kama vidole vitabaki kwenye cherehani. Utafaulu. Kisha unikasirikie ukiwa umefaulu.

Kiraka nimeweka cheupe, kipande cha shuka yangu nzito, kimeenda toka juu mpaka chini. Kimeshika. Nimekivuta kwa miguu na mikono, hakitoki.

Ila ni kiraka kitupu. Kikubwa, cheupe, hakina kitu. Kinatazamika vibaya. Na sindano zimejaa.


Jumamosi, 9 Agosti

UMEFAULU! Naandika kwa herufi za sare.

Msimamizi wa mtihani katoka mbali, mtu mkavu, ana miwani na hana midomo. Kakaa kwenye kiti. Wewe ukaikunjua tiara kwa haraka, upepo ulikuwa tayari, hukuigeuza kuitazama. Ikapaa.

Nyekundu, na katikati kiraka cheupe, na juu ya kiraka herufi nyeusi, kila moja ndefu kama mkono wangu, zimenyooka kama mistari ya barabara: MUME WANGU NJOO NYUMBANI.

Ufukwe mzima ukaisoma kwa sauti moja. Filimbi iliyo shingoni mwa Filimbi ikaingia mdomoni yenyewe, kaipuliza bila kutaka. Fundi viatu kalala chali mchangani, anapiga mchanga ngumi. Wewe hukuelewa wanachochekea, ukadhani unakosea, ukakaza zaidi. Ulikata maji! Ulikwenda, ukageuka, ukarudi, uliruka ukatua kama paka. Sikupumua. Nilikuwa nimeshika kwapa la mtu nisiyemjua.

Kisha ukainua macho juu. Ukasoma.

Ulianguka, ndiyo, lakini mtihani ulikuwa umeshakwisha.

Msimamizi kafunga kalamu yake. Kasema umefaulu, kasema tiara imeonekana vizuri sana kwa usalama, tena kauliza nani aliyeishona. Nikainua mkono. Wewe ulikuwa unatoka majini, maji yanakuchuruzika, unanijia kwa hatua ndefu, uso mwekundu kuliko tiara. Nikaona heri niondoke. Nimekimbia. Sijakimbia tangu mama yako azaliwe.


Jumapili, 10 Agosti

Ulikuja!

Ulipiga teke mlango, una tiara begani, shati lako jipya la ualimu mkononi umelikunja vizuri. Hukusalimia. Ukakaa kwenye kigoda chako, ukachukua mkasi wangu mdogo, ukasema, "Nafumua herufi hizi zote, Bibi, na wewe unakaa hapo unanitazama."

Nikakaa. Nikatazama.

Kila herufi uliigombeza. Kwenye MUME ulitaja watalii. Kwenye WANGU ulitaja boti. Kwenye NJOO sauti ilikuwa imeanza kuchoka, ukaomba chai. Ulipofika NYUMBANI ulianza kucheka, ukajaribu kuzuia, kicheko kikatokea puani pamoja na chai. Ile I ya mwisho ukaiacha. Umesema ibaki.

Nilikuambia haya niliyoandika hukuhitaji kuyasoma, umeyajibu yote. Ukaniambia Filimbi anafundisha kuwa ukivuta sana unavutwa. Nikasema nimelisikia hilo somo. Nimelisikia wiki nzima. Ukanitaka niahidi kwamba sitafumua kitu chako chochote tena maishani. Nikaahidi, mkono kifuani. Ukanitungia sindano za wiki nzima, ukazipanga kama zamani. Ukala. Ukalala pale kwenye mkeka, mdomo wazi, kama ulipokuwa mdogo.

Shati jipya liliachwa juu ya kiti.

Nembo yake imekaa vizuri. Sikuigusa. Naapa sikufumua hata uzi mmoja, nimeahidi. Mgongoni palikuwa patupu tu, pote, kama kiraka. Nimeongeza. Uzi wa dhahabu, herufi za kadiri: MUME WANGU KAFAULU. Kisha nikalikunja vile vile ulivyolikunja wewe, kifua juu, ukaondoka nalo kwapani unapiga mluzi.

Fundi viatu kaniuliza kama nimejifunza kitu ziwani wiki hii. Nimemwambia nimejifunza kuwa njia niliyotumia inafanya kazi.

Sasa nisikilize vizuri. Jumapili ijayo ukija, na utakuja, hasira zitakuleta mbio, njoo na mkasi wako. Wangu nimeuficha. Na kama unasoma hapa maana yake umeshafika bila mkasi, basi vua shati, kaa kwenye kigoda chako, fumua kwa meno. Taratibu. Chai iko jikoni.